Timu Isiyo na Uwanja

Liko swali moja tulilolisikia mara nyingi tulipokuwa Pemba, katika baraza za Chake Chake na za Wete na Mkoani, nalo lilitoka kwa wazee, si kwa vijana. Wazee wa kisiwa hicho wamezoea kuwaona vijana wakibishana juu ya mpira, wala hawaoni ajabu. Kombe la Mapinduzi lilipochezwa katika uwanja wa Gombani mwezi wa Januari 2025, na timu ya Zanzibar ikaishinda Burkina Faso kwa magoli 2 kwa 1 katika mchezo wa mwisho, wazee nao walishangilia kama watoto. Lakini siku hizi wamwona kijana amekaa peke yake, ameinamia simu, mara ashika kichwa na kusema, "Nahodha wangu ameniangusha." Mzee humwuliza, "Nahodha wa timu gani, mwanangu?" Naye hujibu, "Wa timu yangu, babu." Na timu hiyo haina mpira, haina jezi, haina uwanja, wala wachezaji wake hawajui kwamba kijana huyo yuko duniani.

Mchezo huo vijana wauita fantasi. Wazee wengine wasema ni kamari iliyovaa kanzu. Wengine wasema ni uvivu tu, na ya kuwa kijana afadhali angekwenda shamba kupalilia. Vijana wenyewe waapa kwamba ni akili tupu. Nasi tukaulizwa: ni lipi katika hayo? Na kijana atakaye kuuanza, auanzeje asidhurike? Twajaribu kuyajibu maswali haya mawili pamoja, maana kwa maoni yetu hayatengeki. Jinsi mtu auanzavyo mchezo huu ndivyo utakavyokuwa mkononi mwake.

Yatupasa kwanza kuueleza mchezo wenyewe, kwa kuwa tumewasikia wengi wakiulaumu bila ya kuujua, na wengine wakiusifu bila ya kuujua. Asili yake ni Marekani. Mwaka 1962 Bw. Wilfred Winkenbach wa mji wa Oakland, pamoja na wenzake wachache, walitunga kanuni za kujiundia timu za kubuni kwa majina ya wachezaji wa kweli wa mpira wa Kimarekani, ule uchezwao kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Uingereza mchezo wa namna hiyo wa mpira wa miguu uliletwa na Bw. Andrew Wainstein mwaka 1991. Tangu mwaka 2002 Ligi Kuu ya Uingereza inao mchezo wake yenyewe, uitwao Fantasy Premier League, usiotozwa ada yo yote. Na katika msimu mmoja watu zaidi ya milioni 11 wa dunia nzima wamejiandikisha ndani yake. Huo ndio uchezwao Pemba.

Kanuni zake ni hizi, kama zilivyokuwa katika msimu wa 2025/26. Kila mchezaji, awe tajiri wa London au mchuma karafuu wa Konde, hupewa mfuko ulio sawa na wa mwenziwe: fedha za kubuni milioni 100. Kwa fedha hizo hujipatia watu 15 kutoka katika vilabu 20 vya Ligi Kuu: walinda mlango 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, wala hana ruhusa kuchukua zaidi ya watu 3 katika klabu moja. Kila mtu ana bei yake. Mohamed Salah wa Liverpool alianza msimu huo kwa bei ya milioni 14.5, Erling Haaland wa Manchester City kwa milioni 14, na mlinda mlango wa akiba aliweza kupatikana kwa milioni 4. Basi ni wazi kwamba mtu hawezi kuwapata wakubwa wote. Atakayewachukua wawili hawa ametumia zaidi ya robo ya mfuko wake, naye bado anao watu 13 wa kuwatafuta.

Katika kila raundi, na raundi ni 38 kuanzia Agosti hata Mei, huchagua watu 11 wa kucheza na 4 wa kukaa benchi, na mmoja humfanya nahodha, ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili. Kisha hungoja. Mtu wake akicheza dakika 60 au zaidi katika mechi ya kweli, hupata pointi 2. Akicheza chini ya hapo, 1. Goli la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo ni 5, la beki ni 6, maana lililo haba lina thamani zaidi. Pasi iliyozaa goli ni 3. Beki au mlinda mlango ambaye lango lake halikufungwa hupata 4. Kadi ya njano hupunguza 1, nyekundu 3, na kujifunga mwenyewe 2. Baada ya kila raundi aweza kumwondoa mtu mmoja na kumwingiza mwingine bila ya malipo. Ruhusa hiyo asipoitumia huwekwa akiba, hata zifike 5. Lakini akizidisha kuliko ruhusa alizo nazo, kila badiliko la ziada humkata pointi 4. Ziko pia nafasi za pekee zitumikazo mara chache katika msimu. Hizo mwanafunzi asijisumbue nazo mwanzoni, atazijua kwa wakati wake.

Mtu akiutazama mchezo huu bila hasira ataona kwamba kiini chake ni kuchagua katika upungufu. Mama aendaye sokoni Chake Chake na noti moja mkononi aufanya mchezo huo kila siku, naye hapewi pointi. Akinunua samaki mkubwa, mchele utapungua. Akijaza kikapu mihogo, watoto watanung'unika. Si jambo la kudharauliwa kijana akijifunza, hata kwa fedha za kubuni, ya kwamba kila ndiyo ina hapana yake.

Sasa twaja kwenye swali la akili na bahati. Watu wa pwani wana mizani nzuri ya jambo hili katika michezo yao wenyewe. Katika bao kete zote zi wazi mbele ya wote wawili. Hakuna kilichofichwa, na aliyeshindwa hana wa kumsingizia. Karata ni mbali: mtu huletewa mkononi asichokichagua, kisha akili yake huanzia hapo. Fantasi i katikati, nayo kwa maoni yetu yafanana zaidi na kazi moja ijulikanayo sana Pemba, yaani kukodi mikarafuu. Mwenye fedha hupita chini ya miti kabla karafuu hazijawa tayari, hutazama matawi, huuliza mti huu ulizaa nini mwaka jana, hukisia zitatoka pishi ngapi, kisha hulipa. Baada ya hapo mvua yaweza kuja vibaya, au wachumaji wakakosekana. Watu hawamwiti mcheza kamari. Wajua kwamba jicho lake limefundishwa na miaka mingi. Lakini wajua vilevile kwamba hakuna jicho liwezalo kuona mvua ya mwezi ujao.

Kwamba jicho lililofundishwa lina kazi katika fantasi, hilo twaliona wazi. Mwezi wa Desemba 2019 aliyekuwa wa kwanza katika mchezo huu, juu ya watu mamilioni, alikuwa Magnus Carlsen, bingwa wa dunia wa sataranji wa wakati ule. Na msimu huo ulipomalizika mwaka 2020 mshindi alikuwa Joshua Bull, mtaalamu wa hisabati wa Oxford. Bahati haina desturi ya kuwatafuta mabingwa wa sataranji na watu wa hisabati. Hata hivyo Carlsen hakumaliza wa kwanza, na msomaji asilisahau hilo.

Tena mtazame Salah. Katika msimu wa 2024/25 alifunga magoli 29 na kutoa pasi za magoli 18 katika ligi, na katika fantasi alipata pointi 344, ambazo kabla yake hakuna mtu aliyezifikia katika msimu mmoja. Msimu uliofuata alikuwa ghali kuliko wote, na watu wengi wakamnunua. Mwisho wa Novemba 2025, Liverpool walipokwenda kucheza na West Ham, aliwekwa benchi na hakuingia. Je, waliomnunua walikosa akili? Sisi twasema hapana. Walikuwa na sababu, na sababu zao zilikuwa nzuri. Kilichokuja hakikuwa katika sababu hizo.

Hapa ndipo mchezo huu ufikapo kwenye jambo lililo zito kuliko mpira wenyewe. Watu wengi hupima uamuzi kwa matokeo yake tu. Mtu akifanikiwa husema, nilijua. Akishindwa husema, mimi mjinga. Na yote mawili huenda si kweli. Aliyeamua vizuri aweza kupata vibaya, na aliyeamua kwa upumbavu aweza kushangiliwa, kisha akaendelea katika upumbavu ule kwa miaka mingi kwa kuwa siku moja ulimlipa. Tumewaona wakulima wakijilaumu hata kuugua kwa mavuno yaliyoharibiwa na mvua. Tumewaona na wengine wakijisifu kwa neema wasiyoifanya. Kwa hiyo neno letu la kwanza kwa anayeanza ni hili: awe na daftari ndogo, na kabla ya kila raundi aandike sababu iliyomfanya amchague nahodha wake. Mstari mmoja watosha. Raundi ikiisha, asitazame pointi peke yake, asome na sababu yake, akajiulize kama ilikuwa njema kwa yale aliyoyajua siku ile. Kijana mmoja alituambia kwamba kazi hii yamchosha. Twaamini, nayo yachosha kwa sababu hukuta mara nyingi hakuwa na sababu yo yote.

Na kama sababu ni mapenzi, aandike mapenzi. Mwezi wa Januari 2020 Mbwana Samatta alijiunga na Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, na tarehe 1 Februari alifunga goli dhidi ya Bournemouth. Siku zile tulijua vijana, wa bara na wa visiwani, waliomwingiza katika timu zao bila ya kutazama hesabu yo yote. Likawa goli lake la pekee katika ligi ile, na mwezi wa Septemba mwaka uleule akahamia Fenerbahçe ya Uturuki. Wakenya nao walikuwa na Victor Wanyama tangu mwaka 2013 alipokwenda Southampton, kiungo hodari wa kuzuia, ambaye kazi yake njema fantasi ya siku zile haikuijua kuihesabu. Sisi hatusemi vijana wale walikosa. Mtu ana haki ya kuulipia moyo wake. Ila asiseme kwamba ameununua kwa hekima.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo latuhusu sisi tuwafundishao vijana kuliko linavyowahusu hao wenye simu. Ni habari ya bei ya mtu.

Sikiliza maneno yao: nimemnunua, nimemuuza, ameshuka bei, hana faida, mtupe nje. Katika visiwa hivi maneno hayo si mepesi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria mwaka 1897. Kabla ya hapo mashamba mengi ya mikarafuu ya Pemba yalipandwa na kuchumwa kwa mikono ya watu walionunuliwa. Hatutaki kufananisha mambo yasiyofanana. Salah hauzwi na kijana wa Wete, wala haumii, wala hajui. Mshahara wake kwa wiki moja ungemwezesha kununua baraza lote na wazee waliomo. Lakini ulimi hulifundisha jicho. Mtu akiyasema maneno hayo kila juma kwa miaka kumi, jicho lake huanza kuona kitu mahali palipo na mtu.

Tarehe 22 Septemba 2024 Manchester City walicheza na Arsenal. Fikiri kijana wa Mkoani ampendaye Arsenal tangu utoto, naye amemfanya Haaland kuwa nahodha wake. Dakika ya 9 Haaland akafunga. Kijana yule alifanya nini? Tuliambiwa na wengi wa hali yake kwamba waliinuka nusu, wakakaa tena. Moyo ulitaka kulia na mfuko ulitaka kucheka. Tulicheka nao, maana ni jambo la kuchekesha. Na watu wa Simba na Yanga waelewe kwamba huo ndio msiba uwangojeao siku mchezo kama huo utakapowafikia. Lakini katika mechi hiyohiyo, dakika chache baadaye, Rodri, kiungo wa Manchester City, alianguka na goti lake likaumia vibaya, hata hakucheza tena kwa miezi mingi. Na neno la kwanza la wengi waliomiliki jina lake halikuwa pole. Lilikuwa, "Nimwingize nani?"

Katika mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambao wasema uliletwa na Wareno, jambo hilo ni gumu kutokea. Watazamaji husimama karibu, na ng'ombe akikasirika nao hukimbia. Mchezaji akipigwa pembe wote huona vumbi na damu, na hakuna mwenye nafasi ya kuhesabu. Ng'ombe mwenyewe hauawi, hurudishwa kwa bwana wake. Ukaribu huo ni mwalimu. Fantasi haina ukaribu. Ina jina, bei, na alama nyekundu yenye kusema kwamba huyu ameumia.

Mwaka 2025, tarehe 3 Julai, Diogo Jota wa Liverpool alikufa kwa ajali ya gari katika nchi ya Hispania, pamoja na ndugu yake André Silva. Alikuwa na umri wa miaka 28. Alikuwa ameoa tarehe 22 Juni, siku kumi na moja tu zilizopita. Alikuwa na watoto watatu. Watu wa fantasi walimjua sana, kwa kuwa alikuwa mtu awezaye kufunga hata akicheza dakika chache, na kwa miaka mingi walimnunua na kumwondoa, wakamnunua tena na kumlaumu alipoumia. Asubuhi ile kijana mmoja alituambia, "Mchungaji, nilimtukana mtu huyu mwezi wa Aprili." Hatukumjibu kitu. Klabu yake iliiondoa namba 20 isivaliwe na mtu mwingine. Na wote waliokuwa wakiliona jina wakamwona baba, mume, mwana wa mtu aliyepoteza wana wawili kwa siku moja. Lakini hayo yote alikuwa nayo tangu zamani. Bei yake tu ndiyo iliyoyaficha.

Je, tuseme basi mchezo uachwe? Wako ndugu wanaosema hivyo, nasi twawaheshimu. Sisi hatuoni kwamba ni lazima. Mwalimu wa shule huwapa watoto alama, na daktari huhesabu wagonjwa kwa vitanda. Hesabu si dhambi mradi mwenye kuhesabu akumbuke kwamba anaweza kuiweka kando. Kwa hiyo neno letu la pili kwa anayeanza ni kwamba ajizoeze kuwatazama watu hao wakicheza. Asiishi kwa namba za simu peke yake. Aende kwenye kibanda wanapoonyesha mechi, atazame dakika zote 90, aone beki anavyokimbia kazi isiyo na pointi. Na jioni nyingine aende Gombani, au kwenye kiwanja cha kijiji chake, awatazame vijana wa jirani ambao hakuna aliyewatia bei. Mtu akiumia aseme pole kwanza, kisha ndipo aguse simu. Twajua mtu atasema hilo ni dogo. Ni dogo kweli, lakini twauliza ni kubwa lipi lililobaki kwake aliyeshindwa hilo.

Tumefika kwenye fedha, na hapa hatutasema kwa maneno ya mzunguko. Mchezo wenyewe hauombi senti, na zawadi za waandaaji hazitoki mfukoni mwa walioshindwa. Lakini vijana wakikusanyika kumi, hufanya ligi yao, kila mmoja hutoa shilingi 10,000, na mwezi wa Mei mshindi huchukua laki moja. Jirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi sana Pemba, huliita jambo hilo kamari bila kusitasita, nasi twakubaliana nao. Kijana alitujibu, "Si dau, Mchungaji, ni mchango, na mshindi ameshinda kwa akili." Tukamkumbusha yule akodiye mikarafuu. Yeye naye hutoa fedha akitumaini, lakini mwisho karafuu huanikwa, hupimwa, huuzwa. Dunia ina kitu ambacho haikuwa nacho, na mchumaji amelipwa. Katika laki ile hakuna kilichoota. Imetoka kwa tisa ikaenda kwa mmoja, basi.

Tena fedha hulinoa jicho lile baya tulilolitaja. Goti la Rodri likiwa ni pointi chache, mtu aweza bado kusema pole. Likiwa ni unga wa nyumbani, atamchukia aliyeumia. Tumeona pia kwamba mtu aliyezoea mfuko wa laki moja hauoni tena ugumu wa kwenda kwenye ile karatasi ya kubeti ambayo vijana waiita mkeka, na mkeka ukichanika juma hili hununua mwingine juma lijalo ili kurudisha wa kwanza. Wazee waliosema kamari imevaa kanzu hawakuwa wajinga. Walikiona kizingiti cha mlango huo, ijapokuwa walidhani mlango ndio nyumba.

Mtu atauliza kama kuchangia chakula nako ni kamari. Tunalijua kundi moja la vijana, wa kike na wa kiume, ambao hutoa mchango mdogo wakati wa msimu, na ligi ikiisha hupika pilau wakala wote, wa kwanza na wa mwisho, na mshindi hupewa kidari cha kuku mbele ya watu. Hilo hatulikatazi. Aliyekuwa wa mwisho aliondoka ameshiba.

Kwa wale watakaoanza sasa yako mambo machache ya kazi yenyewe. Mwanafunzi achague kwanza watu wachezao kila juma tangu mwanzo wa mechi, hata kama majina yao hayana sifa. Mtu mwenye sifa akaaye benchi ni fedha iliyofukiwa. Asiwatumie wa akiba fedha nyingi. Nahodha awe mmoja wa wale wanaopewa mikwaju ya penalti katika vilabu vyao, kwa kuwa huyo ana njia mbili za kufunga. Asikubali kukatwa pointi 4 katika majuma ya kwanza kwa sababu ya hasira. Raundi moja mbaya si ushahidi juu ya mtu, na wengi huwauza walio wazuri siku tatu kabla hawajafunga. Atenge jioni moja tu katika juma kwa kazi hii. Tumewaona walioamka usiku wa manane kutazama kama bei ya mtu imepanda kwa laki moja ya kubuni, na asubuhi wakachelewa kazini kwa shilingi za kweli.

Wala asidhani kwamba ni lazima kungoja Agosti. Mchezo wamruhusu mtu kuingia wakati wo wote wa msimu, na ligi ya marafiki yaweza kupangwa ianze kuhesabu tangu raundi watakayoipenda, ili aliyechelewa asianze akiwa nyuma ya wenzake kwa pointi elfu.

Jambo la mwisho ni la saa, maana limewatia hasara wengi wa upande wetu. Timu hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya raundi. Mechi ya kwanza ikiwa ni ile ya mapema ya Jumamosi, kwetu huwa saa 7 mchana. Ikiwa ni ya Ijumaa usiku, huwa saa 2 na nusu usiku. Lakini mwishoni mwa Oktoba Waingereza hurudisha saa zao nyuma, na kwetu saa hizo husogea zikawa 8 mchana na 3 na nusu usiku, hata mwishoni mwa Machi, ndipo hurudi kama kwanza. Badiliko la Oktoba halimwumizi mtu. La Machi ndilo lifungalo: kijana aliyezoea saa 8 hufika saa 7 na robo, mlango umeshafungwa, na nahodha wake ameumia tangu Alhamisi.